Bwana Shamba Anasema: Hesabu Safari Kuanzia Mlangoni



Mgonjwa akitakiwa haraka Hospitali ya Muhimbili, siku hizi wapo wanaompeleka Dar es Salaam kwa ndege. Huambiwa, "Ni mwendo wa saa moja na nusu tu." Ni kweli. Lakini huo ni muda wa angani, si safari yote. Asiyejua hesabu hii huweza kuachwa na ndege na kupoteza fedha ya tiketi.

Kwanza, tupime umbali. Ndege hukata moja kwa moja. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam angani ni karibu kilomita 850. Kwa barabara, kupitia Shinyanga, Singida na Dodoma, ni zaidi ya kilomita 1,100. Gari likienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama, litatumia karibu saa 14. Ndege ikiwa juu huenda kama kilomita 800 kwa saa. Ongeza muda wa kupaa na kutua, utapata saa moja na nusu.

Sasa tuanze nyumbani. Bariadi hadi Mwanza, kupitia Lamadi na Magu, ni karibu kilomita 200. Basi husimama njiani, basi tulipe muda wa saa 4. Kuvuka mji hadi kiwanja cha ndege, saa 1. Kusubiri kiwanjani, saa 2. Jumla ni saa 7, na bado hujapaa! Anayetoka kijijini aongeze mwendo wake hadi Bariadi. Wakati wa mvua aongeze zaidi.

Mkulima hahesabu siku za kuchuma pamba tu. Huhesabu pia kulima, kupanda na kupalilia. Safari ni hivyo hivyo.

Pili, soma tiketi vizuri. Saa zake si kama tunavyozitaja sisi. Ikiandikwa 10:00 si saa kumi, ni saa nne asubuhi. Fanya hivi:

Kuanzia 7 hadi 18, ondoa 6.
Kuanzia 19 hadi 24, ondoa 18. Huo ni usiku.
Kuanzia 1 hadi 6, ongeza 6. Hiyo ni kabla ya kupambazuka.

Mfano: tiketi inasema 14:00. Ondoa 6, unapata saa 8 mchana. Rudi nyuma saa 7. Basi uondoke Bariadi saa 1 asubuhi.

Safari ya mbali pia hupimwa hivyo. Dar es Salaam hadi Mumbai, India, ni karibu kilomita 4,700. Angani ni kama saa 6. Lakini saa za India ziko mbele ya zetu kwa saa 2 na nusu, na tiketi huandika saa ya kufika kwa saa za huko.

Zoezi: Tiketi ya kutoka Mwanza inasema 18:00. Uondoke Bariadi saa ngapi?

Jibu: Ndege huondoka saa 12 jioni. Wewe ondoka saa 5 asubuhi. Ukiwa na mgonjwa, ondoka mapema zaidi.