Majina Yasibaki Nyuma

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Huenda katibu wa kikundi chenu naye anahamisha mafaili kwenda kompyuta mpya.

Huku Kamatanda umeme ukikatika katikati ya kazi, orodha ya wakatekumeni yaweza kufika nusu, nayo ikaonekana nzima kwa jina lake tu. Kwa hiyo naona ni kosa kufuta mafaili ya zamani siku hiyohiyo. Kila orodha ifunguliwe kwanza katika kompyuta mpya, majina yahesabiwe, nakala moja ibaki kwenye flashi. Rangi na picha za skrini zitangoja.

Mtaniambia kwamba vitabu vya parokia vipo. Naam, kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inaagiza kitabu cha ubatizo kiwepo, na vile vya zamani vitunzwe pia. Lakini anayeendelea na mafundisho bado hajaandikwa humo. Jina lake likipotea, ataambiwa siku ya Ubatizo kwamba hajulikani.

Wala msiiuze kompyuta ya zamani kabla ya kuisafisha diski yake: humo zimo namba za simu za wenzenu, na shida walizowaandikia kwa siri.