Namba ya uanachama ni ya nani?
Nimekulia kwenye kihamba, yaani shamba la familia, Kilimanjaro. Mama ndiye aliyechuma kahawa mbivu, akaimenya kwa mashine ya mkono, akaiosha, akaianika kichanjani na kutoa punje mbovu mojamoja. Siku ya malipo aliitwa baba, maana namba ya uanachama katika chama cha ushirika ilikuwa yake. Kwa vyama vyenye cheti cha Fairtrade, yaani biashara ya haki, bei ya chini ya arabika iliyooshwa ilipandishwa Agosti 2023 hadi dola 1.80 kwa ratili, pamoja na nyongeza ya senti 20 ambayo wanachama huamua matumizi yake mkutanoni. Wanachama, jamani! Asiye na namba hana kura. Viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, tafadhali waandikisheni kina mama kwa majina yao wenyewe.