MAMBO YA JIKONI: Mbavu za Nguruwe Katika Chungu cha Umeme

Mbavu za nguruwe zina sifa mbili zinazopingana. Kwa wale waliozoea kuzila, utamu wake hauna mfano, kwa kuwa nyama iliyoshikamana na mfupa hupita kwa ladha ile ya paja. Walakini ni nyama ngumu, iliyofumwa kwa kano na utando, na mpishi mwenye haraka aghalabu huiweka mezani ikiwa kama mkanda wa ngozi. Hapo wageni hutafuna kwa adabu na kusifu mboga.

Mji uliojifunza dawa ya ugumu huo kuliko miji mingi ni Kansas City, katika jimbo la Missouri, Marekani. Ulikuwa mji wa mifugo. Mazizi yake makubwa ya kuuzia wanyama yalifunguliwa mwaka wa 1871, yakafungwa mwaka wa 1991, na katika miaka hiyo yote palikuwa na nyama ya bei ndogo kwa mtu aliyejua la kuifanya. Mmoja wa watu hao alikuwa Henry Perry, mtu mweusi aliyezaliwa karibu na mji wa Memphis, miaka kama kumi hivi baada ya utumwa kukomeshwa Marekani mwaka wa 1865. Alikuwa mpishi katika meli za mtoni kabla ya kufika Kansas City mwaka wa 1907. Alianza kuuza nyama katika kichochoro, akiichoma polepole juu ya kuni za miti migumu zilizowekwa katika shimo, na kuwafungia wanunuzi katika karatasi za gazeti. Watu walimwita Mfalme wa Babekyu. Mchuzi wake ulikuwa mkali wa pilipili, na utamu wa sukari uliofanya mji ule kujulikana siku hizi uliletwa na waliomfuata.

Perry alifariki mwaka wa 1940. Mwaka huo huo fundi mmoja wa Chicago, Irving Nachumsohn, ambaye baadaye alijulikana kama Naxon, alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wa chombo cha kupikia: chungu kilichozungukwa na nyaya za umeme zenye moto mdogo. Wazo hilo lilitokana na habari za mama yake, aliyekulia Lithuania. Kwao Wayahudi hawawashi moto siku ya Sabato. Basi Ijumaa, kabla ya jua kutua, chungu cha maharagwe na nyama kilipelekwa kwa mwoka mikate, kikaachwa katika tanuri lililokuwa likipoa, na moto uliobaki ukakipika usiku kucha. Naxon alitaka kufanya kwa umeme yale ambayo tanuri la mwoka mikate lilifanya bila mtu kulisimamia.

Kwa miaka mingi chombo chake kiliuzwa kwa kupikia maharagwe tu. Mwaka wa 1970 biashara yake ilinunuliwa na kampuni ya Rival, na kampuni hiyo ilikuwa na makao yake papo hapo Kansas City. Mwaka uliofuata ilikitoa chungu kile kwa umbo jipya na jina jipya la Crock-Pot, kikapokewa kwa furaha na wanawake waliokuwa wakitoka kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Ndivyo mji mmoja ulivyohusika na mbavu za moshi na pia na chombo kinachozipika bila moshi hata kidogo.

Wenyeji wa Kansas City hawakubaliani juu ya jambo hili. Wapo wasemao kwamba nyama isiyoonja moshi haistahili jina la babekyu, na kwa maana halisi ya neno hilo wanasema kweli. Lakini mtu aliyeajiriwa hana saa tano za kukaa kando ya shimo la moto akichochea kuni. Hoja yake si jina la chakula, bali ni kama watoto watakula kabla ya kulala. Kwake yeye chungu cha umeme kinafaa, naye asione haya.

Yafaa kueleza kwanza kwa nini nyama hulainika, kwa sababu mpishi anayeijua sababu hakosei kipimo. Kinachoshikilia nyama ya mbavu ni kitu kiitwacho kolajeni, ambacho ndicho kano na utando. Nyama ya nguruwe ikifikia joto la digrii 63 kwa kipimo cha selsiasi na kutulia dakika tatu, haina hatari tena kuliwa; lakini mbavu za joto hilo bado ni ngumu, kwa kuwa kolajeni haijayeyuka. Joto likipita digrii 70 huanza kugeuka polepole kuwa jelatini, ile rojo inayonata midomoni, na mbavu huwa laini hasa zinapokaa muda mrefu karibu na digrii 90. Moto mkubwa hauharakishi jambo hili sana. Hukausha nyama kabla kano hazijalegea. Kinachotakiwa ni joto la wastani na subira, na hayo ndiyo chungu cha umeme kinachotoa.

Kwa nyumba ya watu wanne au watano, zitafutwe mbavu za kilo moja na nusu. Mpishi azigeuze upande wa mifupa, atakuta utando mweupe, mwembamba, unaong'aa. Apenyeze ncha ya kisu butu chini yake penye pembe, aushike kwa kitambaa kikavu, maana huteleza kama samaki, kisha auvute wote. Wengi hupuuza kazi hii, nao hushangaa baadaye kuona viungo havikuingia upande ule.

Kisha achanganye kijiko cha mezani cha chumvi, viwili vya sukari nyekundu, kimoja cha paprika, na kijiko cha chai cha pilipili manga pamoja na vitunguu saumu vilivyopondwa. Azipake mbavu pande zote na kuzilaza usiku mmoja katika friji, lakini asizilaze ndani ya chungu chenyewe. Chungu cha udongo kikitolewa kwenye baridi na kutiwa moto ghafula huweza kupasuka, na gharama yake hupita ile ya mbavu.

Asubuhi azikate vipande vya mifupa mitatu au minne. Chini ya chungu atandaze vitunguu maji na kutia nusu kikombe cha maji yenye kijiko cha siki. Asizidishe maji! Hapa ndipo wanaokosea ni wengi, kwa kuwa wamezoea sufuria ambayo mvuke wake hutoroka. Katika chungu hiki mvuke hugota kifuniko na kurudi chini, na nyama yenyewe hutoa maji yake, hata mtu aliyetia kikombe kimoja jioni hukuta vikombe viwili. Vipande visimamishwe kando kando, upande wa nyama ukielekea ukuta wa chungu, kwa sababu nyaya za moto zimo ukutani. Kwa moto mdogo ziachwe saa sita hadi nane. Kwa moto mkubwa saa tatu hadi nne.

Tena kifuniko kisifunuliwe. Kila kinapofunuliwa joto jingi hutoka, na kulirudisha huchukua dakika 20 au 30. Mwenye nyumba aliyepita jikoni mara nne kutazama tu ameahirisha chakula cha jioni kwa saa nzima na zaidi.

Baadhi ya watu huhofia gharama ya stima wakisikia habari ya saa nane. Chungu kinachotumia wati 200 kwa saa nane humaliza uniti 1.6 tu, jambo ambalo tanuri la umeme hulifanya kwa muda mfupi zaidi. Hofu iliyo bora ni ya umeme kukatika. Nyama iliyokaa kati ya digrii 5 na 60 kwa muda mrefu huzalisha vijidudu, na baadhi yao hutoa sumu isiyoondoka hata chakula kikichemshwa tena. Ikiwa mtu yupo nyumbani umeme unapokatika, na aihamishie nyama katika sufuria juu ya jiko la gesi au la makaa. Ikiwa amerudi jioni na kukuta dalili kwamba umeme ulikatika wala hajui ni kwa saa ngapi, hana budi kuitupa nyama ile, hata kama inanukia vizuri. Ni hasara inayouma, lakini homa ya tumbo ya nyumba nzima inauma zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo nyama iliyoganda kwa barafu isitiwe chunguni kabla ya kuyeyuka, kwani hukawia mno katika joto lile la hatari.

Kuhusu nguruwe kuna neno jingine ambalo mkulima anapaswa kulijua. Mahali ambapo nguruwe huachwa wakizurura na kula uchafu wa binadamu, kama inavyoonekana katika sehemu za Busia, nyama yao huweza kuwa na malengelenge madogo meupe mithili ya punje za mchele. Hayo ni mabuu ya tegu. Aliyekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono au maji machafu, mabuu huweza kukaa hata katika ubongo na kuleta kifafa. Saa nane katika chungu zinatosha kabisa kuwaua, lakini ni bora zaidi kununua nyama yenye mhuri wa mkaguzi, na kufungia nguruwe bandani.

Mbavu zikiiva, mfupa hutokeza kidogo kwenye ncha, na kipande kikiinuliwa nyama huanza kupasuka. Wasuluhishi wa mashindano ya Marekani hawapendi nyama inayoanguka yenyewe kutoka mfupani. Wao hutaka alama ya meno ibaki pale mtu alipouma. Nyumbani hakuna msuluhishi, na watoto na wazee huipenda ile inayoanguka. Hata hivyo mbavu zitokazo chunguni huwa na sura ya kusikitisha, nyeupe na yenye majimaji kama iliyochemshwa, na kwa kweli imechemshwa. Sosi ndiyo huiponya. Mpishi aengue mafuta, achote nusu kikombe cha mchuzi uliobaki, atie vijiko vinne vya nyanya nzito ya kopo, vitatu vya sukari guru iliyopondwa, vitatu vya siki na kijiko cha chai cha haradali, kisha achemshe polepole hata sosi ishike mgongo wa kijiko. Wamarekani hutumia asali nyeusi ya miwa. Sukari guru ya viwanda vidogo vya magharibi ni ndugu yake wa karibu, na huenda ikawa bora. Sosi isitiwe tangu asubuhi, kwani huzimuliwa na maji ya nyama ikapoteza nguvu.

Kwa moshi, Wamarekani huongeza matone ya maji ya moshi yauzwayo katika chupa, bidhaa ambayo mfamasia Ernest Wright aliianzisha mwaka wa 1895, naye pia alikuwa mtu wa Kansas City. Nyumba yenye jiko la makaa haina haja nayo. Mbavu zipakwe sosi na kulazwa juu ya wavu dakika tano tu, zikigeuzwa kwa uangalifu maana ni laini na huvunjika. Mafuta yakidondoka juu ya makaa hutoa moshi wake, sukari huungua kidogo pembeni, na hapo Mmarekani mwenye tanuri la umeme amepitwa na mwenzake wa Limuru.

Jirani Mwislamu asiyegusa nguruwe aweza kufuata njia hii hii kwa mbavu za mbuzi au za ng'ombe, akiziongezea saa moja au mbili zile za ng'ombe. Lakini atakayetaka kupikia maharagwe mekundu katika chungu hiki, kama alivyokusudia Naxon, ajihadhari. Maharagwe hayo yakiwa mabichi yana sumu, na punje nne au tano zatosha kumtapisha mtu mzima. Moto mdogo wa chungu huenda usiivunje. Ni lazima kwanza yalowekwe, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali katika sufuria dakika 10 kwa uchache, na 30 ni salama zaidi, ndipo yahamishwe.

Mbavu huliwa kwa ugali na sukuma wiki, au kwa mkate mweupe na matango ya siki kama wafanyavyo Kansas City. Zilizobaki zitolewe chunguni na kuwekwa katika friji kabla ya saa mbili kupita. Mifupa isirushiwe mbwa, kwa kuwa mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kumchoma matumbo.