Nani aliibadili programu, na kwa nini?

Nilipokwenda nyumbani Bokoli juzi, mpwa wangu anayesomea taaluma ya kompyuta alinikalisha barazani akanionyesha kazi yake. Yeye na wenzake wanne wanaunda programu ya kuwekea hesabu za maziwa ya kikundi kimoja cha wakulima. Mmoja wao yuko Kitale, wawili wako Bungoma mjini na wa nne anaishi Nairobi. Nilitarajia kuona maandishi ya kutatiza macho. La hasha! Nilichokiona ni daftari.

Kila badiliko katika programu ile limeandikwa humo pamoja na jina la aliyelifanya, saa aliyolifanya na sababu yake. Kila lalamiko la mkulima hupewa nambari, na nambari hiyo haifutwi mpaka kasoro iondolewe. Hakuna anayeruhusiwa kuingiza kazi yake katika programu kuu kabla ya mwenzake kuisoma, na kabla ya majaribio kuthibitisha kwamba jumla za jana bado zatoka sawa leo. Msingi wa daftari hilo ni chombo kiitwacho Git, alichokibuni Linus Torvalds mwaka 2005, na ambacho hakilipishwi hata senti. "Khocha," kijana aliniambia, "humu hata nikitaka kudanganya, jina langu limo."

Maneno hayo yalinirejesha katika uchaguzi wa Machi 4, 2013. Wakenya waliokesha mbele ya runinga watakumbuka jinsi kura zilizokataliwa zilivyozidi 300,000, watu wakaanza kuulizana iwapo wananchi wamesahau namna ya kutia alama kwenye karatasi. Baadaye mwenyekiti wa tume, Bw Ahmed Issack Hassan, alieleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kura hizo mara nane. Hesabu ya mwisho, iliyofanywa kwa mkono, ilikuwa 108,975.

Huenda msomaji akasema kwamba kosa lilionekana, likasahihishwa, yakaisha. Hayakuisha. Bw Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, na mjadala kuhusu iwapo kura zilizokataliwa zihesabiwe katika jumla ulifika hadi Mahakama ya Juu. Katika uchaguzi ulioamuliwa kwa wembamba kiasi hicho, kuzidisha kwa nane si jambo dogo. Jaribio moja tu, la kuingiza karatasi kumi zilizokataliwa na kutazama kama programu itasema kumi au themanini, lingaliifichua kasoro hiyo wiki kadhaa kabla ya mtu yeyote kupanga foleni. Vifaa vya kutambua wapigakura navyo viliishiwa na chaji katika madarasa yasiyokuwa na umeme. Kwa mtu aliyezaliwa kijijini, hilo nalo halikuhitaji mtaalamu wa kulibashiri.

Miaka minne baadaye swali lilirudi kwa sura nyingine. Mahakama ya Juu iliiamuru tume ifungue seva zake ili ijulikane nani aliingia, lini, na alifanya nini humo. Tume haikutii amri hiyo kikamilifu, na mnamo Septemba 1, 2017 majaji wanne dhidi ya wawili waliufuta uchaguzi wa urais. Taifa zima lilirudi debeni kwa sababu, miongoni mwa nyingine, daftari halikufunuliwa. Mwaka 2022 tume iliweka fomu za 34A hadharani, kila mwenye simu akajijumlishia mwenyewe. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, nami naipongeza. Ila fomu hutuonyesha matokeo pekee, hazituelezi programu iliundwaje wala nani aliigusa usiku wa kuamkia uchaguzi.

Sasa tazama afya. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya NHIF, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mfumo wa kompyuta unaotegemewa katika kazi hiyo umegharimiwa Sh104.8 bilioni kupitia muungano wa kampuni unaoongozwa na Safaricom. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Bi Nancy Gathungu, alitahadharisha katika ripoti yake iliyotolewa mwaka 2025 kwamba serikali si mwenye mfumo huo, wala haina haki za ubunifu wake. Kwa lugha ya barazani, tunalipia nyumba ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa fundi.

Na wala si kweli kwamba hatujui njia nyingine. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Wagonjwa wa Ukimwi walipoongezeka, programu ile ya kwanza ikalemewa. Hawakuiwekea viraka, waliunda nyingine, OpenMRS, ambayo maandishi yake yako wazi kwa kila anayetaka kuyasoma na kuyasahihisha. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, ikaenea katika kliniki za AMPATH, ikiwemo ya Webuye, mwendo mfupi tu kutoka kwetu Bokoli. Leo inatumika katika mataifa mengi.

Sisemi kwamba chombo chatosha. Mpwa wangu alikiri, huku akicheka, kwamba siku za haraka humwidhinishia mwenzake kazi bila kuisoma. Daftari la mvivu hujaa sahihi tupu. Lakini hata uvivu huo umeandikwa na jina lake, na mwenye maziwa akija kulalamika ataonyeshwa.

Uchaguzi wa 2027 una programu zake, na bima ya afya ina zake. Wabunge wetu, hodari wa kuulizia bei, waulize mambo matatu ya ziada kabla ya kuidhinisha malipo yoyote: historia ya mabadiliko inawekwa wapi, matokeo ya majaribio yatasomwa na nani asiyekuwa mwajiriwa wa muuzaji, na mkataba utakapokwisha, maandishi ya programu yatabaki mikononi mwa nani. Majibu yawekwe kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, ambako Mkenya wa Bokoli anaweza kuyasoma.