Redio ya Babu Haiamshwi kwa Pupa

Mara nyingi redio ya valvu huonekana tena siku ya kuhama, au siku jamaa wanapogawana vyombo vya marehemu. Katika nyumba ya Gihosha, huko kilimani Bujumbura, sanduku la mbao lililonunuliwa mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, kabla ya uhuru wa mwaka 1962, hutolewa stoo na kupanguswa vumbi. Watoto hukusanyika, kila mmoja akitaka kusikia sauti aliyokuwa akiisikiliza babu. Hapo mkono hukimbilia plagi, na hapo ndipo hatari ilipo.

Askari hafyatui bunduki iliyolala ghalani miaka 30 kabla ya kuifungua na kuikagua. Redio ya valvu, na amplifaya ya valvu vilevile, hustahili uangalifu huo huo.

Ndani yake mna vikopo viitwavyo kapasita, ambavyo kazi yake ni kuhifadhi umeme na kuusawazisha. Kinga yake ni utando mwembamba sana juu ya alumini, nao hudhoofika kikopo kisipotumika kwa miaka mingi. Umeme wa volti 220 ukiingia kwa ghafla, kikopo huweza kupata joto kali na kupasuka, hata transfoma nayo ikaungua.

Basi mwenye busara huanza kwa macho. Waya wa plagi ambao mpira wake umepasuka hubadilishwa. Kiteuzi cha volti, kilicho nyuma ya redio nyingi za Ulaya, hutazamwa kisije kikawa kimeachwa kwenye 110 au 127. Fyuzi huwa ya kipimo kilichoandikwa, wala si kipande cha waya. Amplifaya haiwashwi kabla ya kuungwa na spika.

Kisha huitwa fundi. Yeye hufunga balbu ya wati 60, ile ya uzi na si ya LED, katika njia ya waya, ili umeme upite kwanza katika balbu ndipo ufike redioni. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikizidi kung'aa, ndani mna hitilafu, na plagi hung'olewa mara moja. Fundi mwenye transfoma ya kurekebisha volti huanza chini, akapandisha kidogo kidogo, na vikopo vilivyokufa akavibadilisha.

Kufungua kifuniko si kazi ya mwenye nyumba. Humo volti hufika 250 na zaidi, na kapasita huweza kushika umeme wa kuua hata baada ya plagi kung'olewa. Watoto na wakae mbali. Moshi ukitoka, umeme hukatwa kwanza. Maji hayamwagwi kamwe.

Mwenda pole hajikwai. Redio iliyongoja miaka 30 haitashindwa kungoja juma moja zaidi kwa fundi. Lakini mtoto aliyeuawa na umeme hakuna fundi awezaye kumrudisha.