Usiloweke Mkonge kama Makumbi

Mahali pengine mkulima asiye na mashine hukata majani ya mkonge wake wa mpakani, akayafunga matita, akayatia bwawani hata yaoze, kisha huyapiga na kuyaosha apate katani. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba watu wa pwani hufanya vivyo hivyo kwa makumbi ya nazi, nao hupata kamba njema. Jibu hilo lina maana, lakini si sahihi. Kwa maoni yetu, desturi hii humpotezea mkulima fedha na kumharibia maji, na yafaa iachwe. Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kueleza kwanza ni kitu gani kinachoufanya uzi wa mmea uwe mgumu.

KITU KIUPACHO MMEA UGUMU

Tazama nyumba ya miti na udongo. Kwanza husimamishwa nguzo, zikafungwa fito, kisha ukuta hukandikwa. Fito peke yake huyumba, na udongo peke yake huanguka. Vikiwa pamoja, nyumba husimama. Mmea nao umejengwa hivyo. Fito zake ni nyuzi nyembamba mno za kitu kiitwacho selulosi, na udongo wake ni kitu kiitwacho lignini. Jina hili latokana na neno la Kilatini lenye maana ya ubao au kuni, nalo lilitolewa na mtaalamu wa mimea Augustin Pyramus de Candolle mwaka 1813.

Lignini ina kazi tatu. Kwanza, huusimamisha mmea usilale chini. Pili, huimarisha mishipa ipandishayo maji kutoka mizizini, isije ikabonyea. Tatu, huukinga mmea na kuoza, maana vijidudu vingi haviwezi kuila. Ni kuvu wa aina chache tu, kama wale waotao katika magogo, wawezao kuivunja vizuri. Mfugaji aijua lignini ijapokuwa hajui jina lake. Ng'ombe akila majani machanga hunona. Akila majani yaliyokwisha kuzaa mbegu hujaza tumbo tu, kwa kuwa majani hayo yamekomaa na lignini yake imezidi.

NYUZI HAZIFANANI

Pamba ni selulosi karibu tupu, wala lignini haionekani ndani yake. Ndiyo sababu ni laini na hushika rangi vizuri, lakini nguo ya pamba ikifukiwa katika udongo wenye rutuba na unyevu huanza kuoza katika majuma machache. Usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ni kinyume chake: katika kila kilo 100 za usumba, lignini yapata kilo 40 au zaidi. Mkonge uko katikati, lakini karibu zaidi na pamba: lignini yake yapata kilo 10 hivi katika 100.

Hata nazi moja hubadilika kwa umri wake. Nyuzi za kumbi la dafu ni nyeupe na laini. Nazi ikikomaa, lignini huongezeka katika nyuzi hizo, zikawa ngumu na za rangi ya kahawia. Watu wa Lamu, waliposhona mitepe yao kwa kamba za nazi, hawakuwa na vitabu vya elimu ya mimea, lakini walijua ni uzi gani uwezao kustahimili maji ya bahari.

KULOWEKA NI KUWAALIKA VIJIDUDU

Kuloweka si kuosha. Ni kuwaalika vijidudu waile gundi iliyozishika nyuzi pamoja. Gundi hiyo ni chakula chepesi, nao huanza nayo. Ikiisha hawaondoki, bali huigeukia selulosi, ambayo ndiyo nguvu ya uzi. Hapo ndipo lignini inapoonyesha faida yake. Makumbi hufukiwa katika matope ya pwani miezi kadha wa kadha, na wanawake wayafukuapo na kuyapiga huukuta usumba ungali na nguvu, kwa sababu una kinga kubwa. Mkonge hauna kinga ya kadiri hiyo. Ukikawia majini kupita kiasi, katani hutoka nyeusi, yenye harufu mbaya, nayo hukatika upesi. Mnunuzi huitazama rangi, huuvuta uzi kwa mikono yake, kisha hupunguza bei.

Hasara hiyo si ndogo. Jani moja la mkonge lina nyuzi zipatazo 1,000, lakini katika kila kilo 100 za majani mabichi katani kavu ni kilo 4 tu hivi. Aliyebeba kilo 100 kichwani amebeba kilo 96 zisizokuwa uzi. Baada ya taabu hiyo, kuzitia kilo 4 zilizobaki katika bwawa chafu ni kuitupa kazi yako mwenyewe. Tena majani yanapooza humaliza hewa iliyomo majini. Samaki hufa, na ng'ombe hukataa kunywa.

Twajua kuna watakaosema, "Kupara jani bichi kwa mkono ni kazi ya kuchosha, na mashine ni ghali." Ni kweli. Lakini mashine isiyoweza kununuliwa na mtu mmoja yaweza kununuliwa na ushirika. Na hapo ushirika utakapokosekana, heri katani kidogo iliyoparwa vizuri kuliko nyingi iliyooza.

MASHAURI YETU

1. Kata majani yaliyokomaa tu, yaani ya chini, na katika ukataji wa kwanza acha majani yapatayo 20 juu ya mmea, ili upate nguvu ya kukua.

2. Yapare siku iyo hiyo, wala isipite siku ya pili. Jani likinyauka, nyama yake huganda juu ya nyuzi.

3. Osha katani mara moja kwa maji safi, maana utomvu ukikauka huacha madoa. Jikinge mikono, kwa kuwa utomvu huo huwasha.

4. Anika juu ya kamba au fito, kamwe si juu ya ardhi. Ikikauka, ikung'ute, kisha tenga ndefu na fupi.

5. Maganda yaliyobaki yarundike yawe mbolea, usiyatupe mtoni.

6. Mwenye minazi asichome makumbi yote kama kuni. Hata vumbi lake hufaa katika vitalu vya miche, maana hushika maji na kukawia kuoza. Lakini likitoka pwani lioshwe kwanza, chumvi itoke.

SABABU YA KUYASEMA HAYA

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kati ya miche 1,000 aliyoiagiza ilipona 62 tu. Kutoka mwanzo huo mdogo, nchi ilifikia kutoa tani 230,000 hivi kwa mwaka 1964. Baadaye kamba za plastiki zilienea ulimwenguni, na mashamba mengi yakageuka vichaka. Sasa watu wameona ubaya wa kitu kisichooza kabisa: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Uzi wa mmea una sifa ambayo plastiki haina: hudumu muda wa kutumiwa, kisha hurudi udongoni.

Basi mlango umefunguka kidogo kwa mkulima wa Usukuma mwenye mkonge mpakani, na kwa mama wa Ukambani asukaye vikapu. Lakini mnunuzi aliyeuziwa kamba mbovu mara mbili hataiuliza mara ya tatu. Atarudi kwenye plastiki. Kila uzi una kipimo chake cha ugumu. Mkulima aujue uzi wake, autendee kwa kadiri yake, na makumbi ayaachie matope ya pwani.