ZIWA LIPUMZIKE, LAKINI MVUVI NAYE ALE



Kila mwaka ifikapo Aprili maneno huwa ni yale yale katika kambi zetu za Kericho na Bomet: gorogoro ya omena imepanda bei. Mama hurudi kutoka sokoni na mfuko mwepesi, na wengine husema Serikali imewanyima maskini kitoweo. Tena wengi wetu tuna ndugu huko Nyakach, Seme, Mbita na Homa Bay, ambao katika miezi hiyo hukaa ufukweni wakitazama mitumbwi iliyofungwa. Kwa hiyo jambo hili si la wavuvi peke yao. Latuhusu kwa kuwa tu walaji, latuhusu kwa kuwa tu ndugu zao, na latuhusu zaidi kwa kuwa sisi sote ni wafanya kazi.

Kwanza tuieleze sheria yenyewe. Katika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, uvuvi wa omena hufungwa tangu tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, ili samaki wapate kuzaa na wachanga wakue. Wavu wa omena usiwe na matundu madogo kuliko milimita 10, na wavu wa kutega samaki wakubwa usiwe chini ya inchi 5. Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, asichukuliwe akiwa chini ya sentimita 50 wala akizidi 85; kwani wadogo hawajazaa bado, na wale wakubwa ndio wazazi wenye mayai mengi. Kokoro, yaani wavu wa kukokota kutoka ufukweni, limepigwa marufuku kabisa.

Mchuma chai hana haja ya kufundishwa maana ya sheria za namna hii. Sisi twachuma majani mawili na kichipukizi, kisha twauacha mchai mpaka siku zake zifike. Tukirudi mapema, au tukivunja na majani yaliyokomaa, kilo za leo zitakuwa nyingi na za mwezi ujao zitakuwa chache. Mchai uliopogolewa hauguswi mpaka uchipue na kupata nguvu. Basi ziwa nalo ni shamba. Tofauti ni kwamba shamba hilo halina mwenyewe mmoja, na kila mwenye mtumbwi hujiambia kwamba akimwacha samaki leo, mwenzake atamchukua usiku.

Wako wasemao kwamba samaki ni wa Mungu na hawaishi. Mambo yaliyokwisha kupita yawajibu. Nyavu za kutega za kizungu zililetwa ziwani mwaka 1905. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alilikagua ziwa akaona kwamba ngege wa asili wamepungua sana katika ghuba ya Kavirondo, ambayo leo yaitwa Winam. Alishauri matundu yasipungue inchi 5, na sheria ikatungwa. Lakini usimamizi ulilegea, na kila mtu aliona jinsi wavu mdogo ulivyomletea samaki wengi siku ile. Katika miaka ya 1950 sheria hiyo iliondolewa Uganda na Tanganyika, na Kenya ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyavu zikazidi kuwa ndogo, ngege wakazidi kupungua, na mbuta aliyetiwa ziwani miaka hiyo hiyo akaja kuwala waliosalia.

Ningu naye alipatwa na msiba kama huo. Samaki huyu hupanda mito wakati wa mvua kubwa ili akatage mayai. Mto Sondu-Miriu, ukusanyao maji ya Kipsonoi na Yurith kutoka nchi yetu hii ya chai, ulikuwa njia yake. Watu walitega nyavu kwenye midomo ya mito wakati ule ule anapopanda kuzaa. Leo ningu ni samaki wa kusimuliwa na wazee.

Kwa hiyo twasema wazi: ziwa lipumzike. Miezi minne ya bei kali ni afadhali kuliko miaka ya sufuria tupu.

Lakini sheria nzuri yaweza kuwa mzigo mbaya ikiwekwa juu ya bega moja. Katika uvuvi wa omena yuko mwenye mtumbwi, wavu na taa; na wako vibarua wanaokesha majini usiku wa giza. Hawa hawana mshahara wa mwezi. Hupewa fungu la samaki waliopatikana, baada ya gharama kutolewa. Ziwa likifungwa, mwenye wavu huuweka ghalani akangoja Agosti. Kibarua hana ghala. Wala hana ghala mwanamke anayenunua omena mwaloni, akaanika na kuuza. Njaa ikibisha, kibarua huingia ziwani kwa siri, naye ndiye akamatwaye na kutozwa faini, hali mwenye wavu amelala nyumbani kwake.

Sisi tuliokwisha kuona mashine za kuchuma chai zikichukua nafasi ya mikono twajua swali la kuuliza kila mpango mpya unapoletwa: faida ni ya nani, na hasara ni ya nani? Tutazame mbali kidogo. Kaskazini ya bahari ya Pasifiki yuko samaki mkubwa bapa aitwaye halibati. Marekani na Kanada zilipatana juu yake tangu mwaka 1923, na tume yao huweka kiasi cha samaki watakaovuliwa kila mwaka. Samaki waliokolewa. Lakini huko Alaska mashua zilizidi kuwa nyingi, na kiasi kikawa kinamalizika upesi, hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 sehemu kubwa za bahari zilifunguliwa siku moja au mbili tu kwa mara. Watu walikwenda katika dhoruba kwa kuogopa kukosa. Mwaka 1995 mpango ukabadilishwa, kila mmoja akapewa hisa yake, na msimu ukawa wa miezi minane hivi. Mbio zile za hatari zikaisha. Lakini hisa walipewa wenye mashua kwa hesabu ya samaki walioleta zamani. Vibarua waliowavuta samaki hao kwa mikono yao hawakuwamo katika mgawo, na wengi walipoteza kazi. Samaki alipata mlinzi. Mfanya kazi hakupata.

Hatutaki jambo hilo litokee Winam. Kwa hiyo twaomba haya manne:

Kwanza, kufungwa kwa ziwa kuwe kwa wote. Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na samaki hana pasipoti. Nchi tatu zilianzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria kwa mkataba wa mwaka 1994, na makao yake yako Jinja. Shirika hilo lifanye msimu uwe mmoja. Jambo hilo lawezekana: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu tangu katikati ya Mei, kwa mapatano na majirani zake.

Pili, wapatao faida wachangie. Omena nyingi husagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo, na minofu ya mbuta huuzwa ng'ambo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016 imetaja mfuko wa ushuru wa samaki. Fedha za namna hiyo ziwafikie vibarua na wachuuzi katika miezi ya kufungwa, au wapewe kazi ya mshahara kama kusafisha mialo.

Tatu, sheria ianzie juu. Mwenye kuingiza na kuuza nyavu za marufuku akamatwe kabla ya kijana anayezivuta.

Nne, vibarua wasikike. Kanuni za mwaka 2007 zilitaka kamati za mialo ziwe na vibarua na wachuuzi pamoja na wenye mitumbwi. Viti vyao visikaliwe na watu wa tajiri.

Sisi nasi tuna wajibu wetu. Tusinunue mbuta mchanga sokoni kwa sababu ni rahisi, maana mnunuzi ndiye ampaye nguvu mwenye wavu mdogo. Tena tusilime mpaka ukingoni mwa mto. Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka kwetu hushuka na Sondu-Miriu mpaka ghubani, na ule wa Bomet hushuka na Nyangores na Mara mpaka Musoma.

Tunawaomba makatibu wa matawi walete jambo hili mbele ya mikutano yao kabla ya Aprili, na kutuletea maoni ya wanachama kwa maandishi. Mvuvi asipolindwa leo, kesho atakuja kuomba kazi mlangoni mwa shamba kwa mshahara wowote, na hapo sote tutakuwa tumeshuka.

UMOJA NI NGUVU.